Kocha Gaspari na Timu Iliyocheza Upande Mmoja

Ukipita Ilongero siku ya mechi ukakuta wachezaji karibu wote wamebanana kwenye kipande kimoja cha uwanja, na upande wa pili ng'ombe wanatafuna majani bila wasiwasi, usidhani kuna ugomvi. Kimbunga FC wanacheza. Hivyo ndivyo wanavyocheza.

Watu wana maelezo yao. Wapo waliosema ni mfumo wa Ulaya. Wapo waliosema upande ule wa mbali kumezikwa kitu. Timu ya kijiji cha Iguguno walikuja wakafungwa, wakarudi kwao na wao wakaanza kucheza upande mmoja, ila kwa bahati mbaya wakachagua upande wenye mtaro. Sababu yenyewe ilikuwa kwa kocha, Gaspari Nkhangaa, naye alikuwa hasemi.

Gaspari ni fundi baiskeli. Kibanda chake kiko pembeni mwa soko, na timu aliipata ujanani kwa sababu alikuwa na pampu. Mwenye pampu ndiye aliyejua mpira utajaa lini, na aliyejua mpira utajaa lini ndiye aliyepanga mazoezi, na anayepanga mazoezi ni kocha. Hakuna aliyempigia kura. Haji, nahodha wa sasa, amezaliwa akamkuta tayari ana filimbi shingoni.

Kwanza Gaspari aliwafundisha upepo. Uwanja wa Ilongero upepo wake hauna aibu, unatoka upande mmoja tu, na Gaspari akaona Mungu ameshawapa mchezaji wa kumi na mbili. Mfumo ukawa mmoja: butua. Kipa anabutua, beki anabutua, upepo unamalizia. Nyumbani walikuwa hawashikiki, na jina la Kimbunga ndiko lilikotoka. Ugenini ilikuwa habari nyingine. Kule Iguguno kipa wa Kimbunga alibutua kuelekea upepo unakotoka; mpira ukapanda, ukasimama kidogo kama unafikiria, ukarudi ukaingia golini kwao. Refa alitafuta sababu ya kulikataa goli hilo, akaikosa.

Baada ya hapo Gaspari akaja na mfumo wa ng'ombe. Alipokuwa mtoto alipitisha mifugo ya baba yake kwenye kinjia kati ya mashamba mawili ya mtama, na ng'ombe akila hata suke moja, fimbo iliyomhusu ng'ombe ilimhusu na yeye. Kwa hiyo alijua namna ya kuwapeleka wengi mahali pembamba bila mmoja kuchomoka. "Nyie ni ng'ombe," aliwaambia wachezaji, na hakuna aliyekasirika, kwa sababu Ilongero ng'ombe ni kitu cha heshima. Wakaanza kwenda pamoja, pasi fupi, wa nyuma anamsukuma wa mbele. Miaka hiyo walichukua kombe la kata, na mbuzi.

Kisha ukaja ukungu.

Mwanzo Gaspari alidhani ni vumbi. Aliosha uso, ukungu ukabaki. Msimu mmoja goli la mbali likapotea. Msimu uliofuata ikapotea na nusu ya uwanja. Kibandani hakuna aliyegundua, maana gurudumu lililopinda Gaspari hulinyoosha kwa vidole, na mnyororo huusikiliza. Aliyegundua ni mkewe, Martha, na hata yeye aligundua kwa sababu ya salamu.

Ilongero, mdogo asipomwamkia mkubwa ni kosa, lakini mkubwa asipoitikia ni kosa zaidi. Gaspari alikuwa haoni nani anakuja, kwa hiyo akaamua kuitikia mapema. Kivuli kikikaribia tu, anasema "Marahaba!" Alimwitikia hivyo mtoto ambaye alikuwa bado hajaamua kuamkia. Akamwitikia na punda. Jumapili moja, nje ya kanisa, akamwambia "Marahaba, hujambo" padri mzee mwenye mvi nyingi kuliko yeye, ambaye hakuwa amesema neno.

"Baba Editha," Martha alimuuliza kesho yake wakiwa njiani kwenda shamba, "mkono wangu una vidole vingapi?"

"Wewe umelewa?"

"Jibu."

"Vitano. Mungu alikupa vitano."

"Nimeshika jembe."

Editha ni binti yao, ameolewa mjini Singida, na ndiye aliyeuliza hospitali akaambiwa huo ni mtoto wa jicho, unatolewa, mtu anaona. Gaspari akakataa. Hakuogopa kisu. Aliogopa kwamba akienda, watu watauliza anaumwa nini, na wakishajua, hakuna kamati duniani itakayomwachia timu mtu asiyeona. Bila baiskeli angeishi. Bila Kimbunga hakujua angekuwa anafanya nini saa kumi jioni.

Basi akatunga sheria mbili. Ya kwanza: "Leteni mpira huku!" Kila aliyepata mpira aulete upande wa kocha. Ya pili: ukipokea mpira, taja jina lako kwa sauti. Walipouliza kwa nini, aliwajibu, "Mchezaji asiyejitaja hajui anachofanya." Wakaona ina maana.

Tangu hapo mechi ya Kimbunga ukiisikiliza kwa mbali unadhani ni mwalimu anaita mahudhurio. "Haji!" "Joseph!" "Haji!" "Deo!" Deo alikuwa amejiunga katikati ya ukungu. Ana sauti nzito inayotoka chini kama mtu aliyeko kisimani, na Gaspari alipoisikia mara ya kwanza alifurahi, akampanga namba tisa, mtu wa vichwa. Mchezaji wa upande wa mbali alikuwa kama yuko likizo. Joseph, beki wa kushoto, kipindi cha kwanza alikuwa anaongea na wachungaji habari za ndama, kipindi cha pili timu zikibadilishana magoli ndipo anaanza kazi.

Jambo la kushangaza ni kwamba walishinda. Wapinzani walikuja upande ule wakabanwa, wakachoka kwa makelele, wakaanza kugongana wenyewe. Kimbunga wakafika nusu fainali ya Kombe la Alizeti, ambalo halikuwahi kufika Ilongero. Walipangiwa Mkiwa, ugenini.

Mkiwa ni pale barabara zinapogawana, na uwanja wao uko karibu na barabara kiasi kwamba madereva wa malori husimama wakaangalia. Kipindi cha kwanza Kimbunga walipata goli moja, kwa vurugu. Gaspari alilijua kwa sababu majina matatu yalitajwa haraka haraka halafu akina mama wa Ilongero wakapiga vigelegele.

Mapumziko, timu zote mbili zilikwenda kwenye kivuli cha lori la mahindi lililoegeshwa hapo. Kimbunga wamevaa njano, Mkiwa kijani. Kwa Gaspari wote walikuwa rangi ya uji. Vijana wake walizunguka nyuma ya lori kunywa maji. Waliobaki mbele walikuwa Mkiwa, na kocha wao, Benson, alikuwa ameenda kumlalamikia refa. Gaspari akaliendea kundi lililokuwa karibu.

"Simameni," alisema.

Wakasimama. Mzee mwenye filimbi amesema simameni, utafanyaje?

"Nani kawaambia mpira ni maharusi, mkae wote sehemu moja? Nasikia kila kitu kiko hapa kwangu. Wao wapo hapa, nyie mpo hapa. Upande wa kule yuko nani?"

Wakageuka kutazama kule.

"Nauliza, yuko nani?"

"Hakuna mtu, mzee," alisema kijana mmoja.

"Haya. Kipindi hiki mkiupata tu, pelekeni kule. Mmoja akae kule kule, asije huku hata akiitwa na mama yake. Apelekewe, akimbie."

Hilo lilikuwa jambo zito kwake. Alikuwa ameamua kwamba goli la pili ni muhimu kuliko yeye kuliona. Wale vijana wa Mkiwa walikuwa wameweka mikono nyuma, vichwa chini, kama inavyotakiwa mzee akisema. Hakuna aliyetaka kuwa mtoto asiye na adabu aliyemkatisha mgeni.

"Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, mzee. Asante."

Gaspari alishangaa kidogo kuitwa mzee badala ya kocha. Akaona heshima imeongezeka.

Kipindi cha pili kilipoanza tu, Mkiwa waliupeleka mpira kule. Winga wao, Anuari, alikuwa amesimama peke yake kama mtu anayesubiri gari. Akakimbia, akafunga. Uwanja ukalipuka. Gaspari akaruka na kupiga makofi.

"Nimewaambia!" alimwambia mtu aliyesimama karibu naye. "Si nimewaambia?"

Mtu huyo alikuwa Hanifa, mwenyekiti wa Kimbunga, mama anayeuza mafuta ya alizeti sokoni na asiyependa hasara.

"Umewaambia kweli, kocha," alisema Hanifa. "Nimekuona ukiwaambia."

Mechi iliisha moja moja. Waandaaji wakasema irudiwe Ilongero, uwanja ukishapatikana, kwa sababu wakati huo watu walikuwa wameanika alizeti zao uwanjani na hakuna wa kumwambia mtu aanue alizeti kwa ajili ya mpira.

Wakarudi nyumbani nyuma ya lori. Kesho yake kamati iliitwa nyuma ya duka la Hanifa, na wachezaji wakaja bila kuitwa, wakasimama mlangoni.

"Kocha," Hanifa alianza, "huoni."

Gaspari alifikiria kukataa. Akaangalia alikodhani Hanifa yupo. "Kidogo," alisema.

"Kidogo unaona, au kidogo huoni?"

"Mama Mwenyekiti, nisamehe. Sioni."

Haji akasema kutoka mlangoni, "Sisi tulijua."

"Mlijua nini?"

"Tulijua, kocha. Tangu siku ile umempongeza kipa wa Iguguno ukamwambia mazoezi kesho saa kumi."

"Alikuja?"

"Alikuja, kocha. Alisema hakupenda kukuangusha. Alifanya mazoezi, akaondoka na bodaboda."

Gaspari alikaa chini ingawa hakuambiwa akae. "Mlijua, na mkaendelea kutaja majina?"

"Ulisema tutaje."

Hanifa aligonga meza. Alisema anamheshimu kocha, anaheshimu na pampu yake, lakini kombe ni kombe. Madaktari wa macho wako mjini, aende. Mechi ya marudio aisimamie yeye, na timu ikishinda, ibaki yake. Ikishindwa, kuna kijana mmoja mjini ana cheti cha ukocha, ataitwa. Alimuuliza Gaspari kama ana neno. Gaspari alisema hana, ila alizeti zianuliwe taratibu, macho yapate muda wa kupona.

Editha alimpokea mjini. Jicho la kulia lilifanyiwa kazi, la kushoto likaambiwa lisubiri. Bandeji ilipotolewa kitu cha kwanza alichoona ni uso wa Martha, akauangalia sana.

"Nini?" Martha aliuliza.

"Umezeeka."

"Na wewe jiangalie."

Akapewa dawa ya matone na miwani nyeusi, akakatazwa vumbi. Uwanja wa Ilongero ni vumbi lenye magoli mawili, kwa hiyo hakuruhusiwa mazoezini. Alikaa nyumbani akitazama vitu: kuku, paa, maandishi ya kwenye mfuko wa simenti. Haji aliyaongoza mazoezi, akawa anakuja jioni kutoa taarifa, na Gaspari akawa anamwangalia usoni mpaka kijana anaona haya.

Siku ya mechi watu walikuja mpaka wale waliokuwa hawapendi mpira. Hanifa alikaa mbele na mwavuli. Gaspari akasimama kwenye mstari wake wa siku zote, miwani usoni, akatazama uwanja wote mpaka lile goli la mbali. Lilikuwa limeinama. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba limeinama.

Kisha refa akapuliza, na Gaspari akaiona timu yake kwa mara ya kwanza baada ya misimu mingi.

Walimjia wote. Walikuja mbio na mpira wao, wakajazana mbele yake karibu wamkanyage, "Haji!" "Eliya!" "Haji!", wanapigiana pasi za hatua mbili, migongo imegusana, mmoja akipiga chafya mwingine anashtuka. Upande wa pili Joseph alikuwa amechuchumaa, ameshika ndama sikio.

"Mungu wangu," alisema Gaspari polepole. "Nani kawafundisha hivi?"

Hanifa alimsikia. Akageuza mwavuli.

Mkiwa wao walikuwa na adabu ya ajabu. Walitandaa uwanja mzima, kila mtu na sehemu yake, na Anuari alikuwa kule mbali peke yake hata alipoitwa. Mpira ukaondoka kwa beki wao mrefu, ukapita juu ya vichwa vya Kimbunga wote, ukatua mguuni pake laini. Akakimbia. Gaspari alifuata kila hatua. Ulikuwa ndio mpira aliokuwa akiuota tangu ana pampu moja, na ulikuwa unachezwa na watu wa Mkiwa. Goli lilipoingia mikono yake ilitaka kupiga makofi, akaitia mfukoni.

Mapumziko, vijana wa Mkiwa walisimama upande wao, mikono nyuma, wakimtazama. Kocha wao Benson alikuwa mbele yao anaongea na kurusha mikono, lakini macho ya vijana yalikuwa kwa Gaspari. Gaspari aliyaona. Akawapa mgongo, akaenda kwa wake.

Waliketi chini, wanahema. Akawatazama mmoja mmoja. Watatu hakuwahi kuziona sura zao.

"Deo yuko wapi?"

"Mimi hapa, kocha," ilisema ile sauti ya kisimani.

Gaspari alitazama juu ya vichwa vyao. Hakuona mtu. Akashusha macho, akashusha tena. Deo alikuwa mfupi kuliko wote, kijana wa miguu myembamba, kichwa kinamfikia Haji kwapani.

"Deo ni wewe?"

"Ndiyo, kocha."

"Umekuwa hivyo siku zote?"

"Ndiyo, kocha."

"Na misimu yote hii nimekuweka kwenye vichwa."

"Ulisema niruke, kocha. Nikawa naruka."

Kuna aliyecheka akajifanya anakohoa. Gaspari alivua miwani, akafuta vumbi, akaivaa tena. Kule kwenye mwavuli Hanifa alikuwa anazungumza na kijana wa viatu safi ambaye si wa Ilongero. Hiyo nayo aliiona. Angeweza kuwaambia waendelee vile vile, maana huko ndiko walikozoea kushinda. Angeweza kuwagombeza.

"Sikilizeni," alisema. "Leo naona mpaka lile goli bovu. Msiniletee mpira. Nendeni popote, nitawaona."

Walimtazama kama watu waliofunguliwa zizi wakaogopa kutoka.

"Na majina, kocha?" Haji aliuliza.

"Anayetaka kutaja ataje. Deo, usiruke. Kimbia."

Dakika za mwanzo zilikuwa aibu. Wenye uwanja walipotea uwanjani kwao. Eliya alipeleka mpira upande wa mbali, akauachia kwa ng'ombe. Watu wakaanza kuzomea, "Rudini kwa kocha!" Mkiwa wakagonga mwamba. Hanifa alifunga mwavuli, na yule kijana wa viatu safi akasimama wima.

Halafu Joseph, ambaye miguu yake ilikuwa imepumzika kila kipindi cha kwanza misimu mizima, akaona mbele yake kweupe. Alipiga mpira mrefu wa chini chini. Beki mrefu wa Mkiwa alijiandaa kwa kichwa, kama alivyozoea kwa namba tisa yeyote, na Deo akapita chini ya kwapa lake. Hakuruka. Alikuwa peke yake na kipa, akalitaja jina lake mwenyewe kwa ile sauti, kipa akageuka kumtafuta jitu, na mpira ukapita.

Moja moja tena. Ikawa penalti, golini kule kulikoinama. Gaspari hakusogea, alisimama pale pale akatazama mkwaju kwa mkwaju. Wa Mkiwa wa mwisho aliupaisha mpira, ukaangukia kwenye magunia ya alizeti. Haji akafunga wake. Watu wakamwagika uwanjani, na Hanifa akapita mbio, mwavuli mkononi, akimpiga nao kila aliyempenda. Kijana wa viatu safi alikuwa anatafuta bodaboda.

"Timu yako, kocha!" Hanifa alipiga kelele kutoka katikati ya watu. "Mimi nikisema nimesema!"

Gaspari alikuwa anatikisa kichwa tu, hajui aanzie wapi, pale Anuari alipomjia, jezi imelowa, mikono nyuma.

"Shikamoo, kocha."

Gaspari alimtazama kwanza, akahakikisha, ndipo akaitikia. "Marahaba."

"Mapumziko tulikusubiri."

"Niliwaona."

"Tulifanya kama ulivyotuambia."

"Mmefanya vizuri. Ila wewe ukishapeleka mpira unasimama kushangaa. Wenzako nao hawakufuati. Waite wenzako nao waje hapa."

Anuari akaita. Mkiwa wakaja, wengine macho bado mekundu kwa kulia, wakamzunguka. Gaspari akachukua kijiti, akachuchumaa, akaanza kuchora vumbini.

"Kocha!" Hanifa aliita. "Kocha Gaspari! Hao si wetu! Wetu wako huku!"

"Najua," alisema Gaspari, akaendelea kuchora.